Kuupenda Mkweche

Katika nchi yetu sidhani kama kuna chombo kilichotukanwa na kupendwa kwa pamoja kama Land Rover ya zamani. Yule yule anayeilaani asubuhi akiwa amelala chini yake, mgongo kwenye tope na oili ikimdondokea kifuani, ndiye utakayemkuta jioni akibishana na mtu aliyethubutu kusema kwamba gari hilo limepitwa na wakati. Nimeishi miaka kadhaa mahali ambapo unga, dawa, barua, wagonjwa na mishahara yetu vilitegemea mikweche ya aina hiyo, nami nimejiuliza mara nyingi mapenzi haya yanatoka wapi. Si mapenzi ya mtu asiyeona. Wanaoipenda ndio hao hao wanaoweza kukuhesabia kasoro zake kwa vidole, na vidole vya mikono miwili visitoshe.

Mahali penyewe ni Kakesio, kusini-magharibi mwa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Mgeni anayetoka Karatu hupita lango la Lodoare, akapanda msitu hadi ukingo wa kreta, akateremka upande wa pili penye baridi na upepo, kisha akaiacha barabara kuu ya Serengeti na kushika njia ya Endulen. Watalii huishia kwenye barabara kuu. Kutoka Endulen kwenda Kakesio nchi huzidi kuwa kavu na miti ya miiba huongezeka, na mbele yako kusini ardhi huporomoka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi wanakoishi Wahadzabe na Wadatoga. Wakati wa kiangazi vumbi la njia hiyo ni laini kama unga wa muhogo na huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga hugeuka gundi. Nilipokuwa mwalimu huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, gari lililothubutu njia hiyo mara kwa mara lilikuwa ni 109, yaani Land Rover ndefu, iliyopata jina lake kutokana na inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Ili kuelewa kasoro za gari hili ni lazima turudi Uingereza mara baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Akajiuliza atafanya nini itakapokufa. Kaka yake Spencer ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, na kampuni yenyewe ilikuwa katika shida: Rover ilizoea kutengeneza magari ya watu wenye nafasi, lakini nchi ilikuwa imechoka, fedha hakuna, na chuma kiligawiwa kwa kibali. Ndugu hao wawili wakaamua kutengeneza gari la mkulima, la kujishikizia kwa miaka michache mpaka hali ya biashara itakapotengemaa. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa hadharani huko Amsterdam.

Jambo la kuzingatia ni kwamba karibu kila kitu kinachotambulisha gari hili kilitokana na uhaba. Bodi yake ni ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu, ilhali alumini ilikuwa nyingi baada ya viwanda vya ndege za vita kupunguza kazi. Mabati yake ni bapa, yamekunjwa kama sanduku la fundi bati, kwa sababu hapakuwa na fedha za kununulia mashine kubwa za kufinyanga mabati yenye mviringo. Hata ile rangi ya kijani iliyojulikana dunia nzima ilitokana na rangi iliyosalia katika akiba za jeshi la anga. Wale waliotarajia kuliachia mbali baada ya miaka michache walijikuta wakilitengeneza mwaka hadi mwaka. Likatoka lenye inchi 80, kisha mafupi na marefu ya aina mbalimbali, hadi lile la 109 lililokuja katikati ya miaka ya 1950 na kudumu karibu miaka 30.

Lakini kilichozaliwa katika uhaba hubeba alama za uhaba. Pale bati la alumini linapokutana na chuma, na unyevunyevu ukaingia katikati, metali hizo mbili huanza kulana, na alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo gari lisiloshika kutu mwilini huoza taratibu kwenye viungo. Chesisi yake ya chuma nayo hushika kutu kutoka ndani, ambako jicho halifiki. Breki ni za madrumu kwa magurudumu yote manne, na baada ya kuvuka mto inabidi uzikanyage kanyage mpaka zikauke ndipo ziitike. Springi ni za mabamba, ngumu kama ubao wa dawati. Mtu mwenye maumivu ya mgongo huyasimulia yale mashimo moja moja. Katika zile za kabla ya mwaka 1971, gia ya kwanza na ya pili huingia kwa dereva mwenye ustadi tu, anayejua kukanyaga klachi mara mbili na kusikiliza mngurumo wa injini. Chini ya kioo cha mbele kuna vidirisha viwili vya kuingizia hewa. Vikifungwa, hewa huingia hivyo hivyo, pamoja na vumbi na mvua. Na kuhusu oili, madereva wetu walikuwa na msemo kwamba usiogope gari likidondosha, ogopa likiacha, maana hapo ndipo imekwisha.

Ndivyo lilivyokuja kwetu Tanganyika, likiwa na sifa zake na vilema vyake. Maofisa wa wilaya walilitumia, mabwana mifugo walilitumia, na askari wa wanyamapori pia. Mwaka 1959 Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti ili iwe eneo ambalo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja, Wamaasai walioondolewa Serengeti walihamia upande wa Ngorongoro, na baadhi ya watoto na wajukuu zao ndio niliowafundisha. Mwaka huo huo, tarehe 17 Julai, Mary Leakey aliliona fuvu la kale huko Olduvai, na Land Rover zilikuwa sehemu ya kambi ile sawa na mahema na mapipa ya maji. Katika miaka ya kupigania uhuru Mwalimu Nyerere alizunguka sehemu nyingi za nchi kwa Land Rover ya TANU. Kwa hiyo gari moja lilimbeba mkoloni, likambeba anayemwondoa mkoloni, na baada ya mwaka 1961 likambeba mkuu wa wilaya mpya kwenye barabara zile zile. Wazee wa Kakesio walinichekesha waliponiambia kwamba katika serikali zote walizoziona kitu ambacho hakijabadilika ni sauti ya gari linalopanda mlima.

Hata hivyo sifa hizo peke yake zisingetosha kuleta mapenzi. Mapenzi yalikuja baadaye, katika miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilitugharimu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni, maduka yalikuwa matupu, na spea za gari zilitafutwa kama dhahabu. Wakati huo huo Land Rover yenyewe ilikuwa imezorota. Kampuni mama iliingizwa katika shirika la British Leyland mwaka 1968, na miaka iliyofuata ilikuwa ya migomo na ubora hafifu. Toyota Land Cruiser ikaingia kwa kishindo, ikiwa na injini yenye nguvu zaidi na isiyosumbua, na serikali, wafadhili na makampuni ya utalii wakaihamia mmoja mmoja. Land Rover za zamani zikauzwa kwenye minada, nyingi zikiwa hoi, nazo zikaangukia mikononi mwa watu wadogo.

Hapo ndipo historia ya pili ya gari hili ilipoanza, ambayo haimo katika vitabu vya kiwandani. Katika gereji za Arusha, mafundi ambao wengi wao hawakupita chuo chochote walizichukua hizo maiti na kuzifufua. Waligundua kwamba gari zima limefungwa kwa nati na bolti na linaweza kufunguliwa na kufungwa upya kwa spana chache. Bawa lililopondeka hufunguliwa likafungwa jingine. Mlango wa gari la mwaka 1962 hukaa kwenye gari la mwaka 1978. Waliunganisha chesisi kwa kuchomelea vyuma chakavu, wakachonga vipuri vya shaba kwa tupa, wakatia injini za magari mengine. Kisha wakapanga mabenchi mawili nyuma, yanayotazamana, wakafunga keria juu, na 109 ikawa basi la umasaini. Kiwandani liliuzwa pia kama gari la viti 12. Kwetu 12 ni idadi ya waliokaa mbele na wale wenye heshima zao, waliobaki walining'inia.

Mkweche wa namna hiyo hauna mwaka wa kuzaliwa. Nilimuuliza fundi mmoja umri wa gari alilokuwa analifunga gia boksi. Akafikiri, akanijibu: "Mwalimu, bodi ni mzee wangu, injini ni rika langu, na difu nimeinunua wiki iliyopita."

Nadhani katika jibu hilo kuna nusu ya ninachokitafuta. Mtu hukipenda kitu anachokijua, na hukijua kwa sababu kimemlazimisha akijue. Gari lisiloharibika kamwe halimfundishi mwenyewe chochote. Yeye hugeuza ufunguo na kuondoka. Lakini dereva wa Kakesio alijua kwa sikio ni ekseli ipi inayolalamika. Alijua kwamba likichemsha kwenye mlima fulani si radieta iliyoharibika bali ni upepo unaotoka nyuma. Betri ikifa, alikuwa na hendeli chini ya kiti, akaiingiza mbele kwenye bampa, akaizungusha kwa nguvu za mkono, kidole gumba kikiwa upande wa vidole vingine ili hendeli ikirudi kwa ghafla isimvunje. Kila kasoro ilikuwa na dawa yake, na kila dawa ilikuwa imefundishwa na mtu aliyeipata kwa mtu mwingine.

Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa shafti za nyuma. Hizo ni dhaifu kwa mzigo, na kila mpenzi wa gari hili duniani anakiri hivyo. Lakini waliozibuni walizifunga kwa namna ambayo shafti ikikatika, huhitaji kuinua gari wala kuondoa gurudumu. Unafungua bolti sita katikati ya gurudumu, unaivuta shafti nje kama mtu anayechomoa kisu kwenye ala, na gurudumu linabaki limekaa pale pale. Kisha unakandamiza kitasa cha manjano ndani ya gari ili magurudumu ya mbele yavute, na safari inaendelea kwa mwendo wa pole. Kumbe aliyeutengeneza udhaifu aliacha na mlango wa kuutokea. Ni vitu vichache sana tunavyotumia leo vyenye adabu hiyo.

Mapenzi ya namna hii hayakuanzia kwetu wala hayaishii kwenye magari. Katika Marekani na Ulaya wako watu wazima, wenye akili zao, wanaokusanya na kuzifufua mashine za zamani za kufulia na kukaushia nguo. Wanazijua kwa sauti zake kama mchungaji anavyozijua njuga za ng'ombe wake. Mwaka 1937 kampuni ya Bendix ilitoa mashine ya nyumbani iliyojaza maji, kufua na kukamua yenyewe, nayo ilitikisika kwa nguvu kiasi kwamba ilibidi ifungwe sakafuni kwa bolti. Kabla yake na baada yake zilikuwapo zile za kukamulia nguo kati ya magogo mawili ya mpira, ambazo ziliwabana akina mama vidole na hata mikono, na bado kampuni ya Maytag iliendelea kuzitengeneza hadi mwaka 1983 kwa sababu wako waliozitaka hizo na si nyingine. Ukiwauliza wapenzi hao, hawatakudanganya kwamba mashine mpya hazifui vizuri wala kwamba hazipunguzi maji na umeme. Watakuambia kwamba ile ya zamani inafunguka. Ukanda ukikatika unauona. Chuma kikichakaa unakisikia. Ile mpya ikigoma, huonyesha herufi mbili kwenye kioo kidogo na kumwacha mwenyewe amesimama mbele yake kama mtu aliyefungiwa mlango.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani kwamba nimeleta hoja ya kuusifu mkweche, na kwamba mambo ya kale ndiyo mema. Hapana. Upo upande wa pili, na nisipousema nitakuwa nimewadhulumu watu niliokaa nao.

Usiku mmoja wa masika waliniamsha. Mwanamke wa boma la jirani alikuwa katika uchungu wa uzazi siku ya pili, na wakunga walikuwa wamefika mwisho wa ujuzi wao. Kwa bahati gari la abiria lilikuwa limelala kijijini. Tukamlaza juu ya magunia matupu, mama mkwe wake akampakata kichwa, mume wake na mimi tukapanda nyuma ili tusukume itakapobidi. Tulisukuma mara tatu. Mara ya nne, kwenye mwinuko wenye tope, tukasikia mlio kama wa mti unaovunjika. Shafti, ambayo ilikwisha kuchomelewa zaidi ya mara moja, ilikuwa imekatika.

Dereva hakupandisha sauti. Mimi nilishika tochi, yeye akafungua zile bolti sita. Lakini shafti ilikuwa imekatikia ndani, na kipande kilibaki kwenye difu. Ilimlazimu kuivuta na ile ya upande wa pili, kisha akakisukuma kile kipande kwa chuma kirefu mpaka kikatoka. Alifanya yote hayo chini ya mvua, kwa mikono iliyokuwa inateleza grisi na tope, na sijawahi kuona kazi ya ufundi iliyofanywa kwa utulivu namna ile. Ilichukua karibu saa mbili. Magurudumu ya mbele yakatuvuta hadi Endulen, tukaingia hospitalini alfajiri. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kwa muda mrefu baadaye kisa kile kilisimuliwa kijijini kama sifa ya dereva na ya gari lake. Nami nilikisimulia hivyo, kwa kuwa sifa zile zilikuwa za kweli. Bila ufundi wake tungempoteza na mama. Lakini siku moja tulikuwa tumekaa kivulini, watu wakisifu, na yule mume alikuwapo. Hakupinga wala hakuunga mkono. Alichukua fimbo yake akaenda kuwatazama ndama, na wakati ule si wa kuwatazama ndama.

Kimya chake ndicho kilichonifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo mpenda mikweche huyachanganya kwa urahisi. Yule anayekusanya mashine za kufulia za mwaka 1950 ana nyingine mpya jikoni, na mashine ya zamani ikigoma amepata burudani ya Jumamosi. Mtu wa Kakesio hakuichagua 109. Ilimfikia baada ya kutumiwa na serikali, ikauzwa ilipochoka, ikapewa barabara ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Ni halali kuusifu ustadi wa fundi anayelivusha gari bovu. Si halali kuigeuza sifa hiyo kuwa sababu ya kutolima barabara au kutoleta gari zima la wagonjwa. Wahenga walisema mwenye shida hachagui, lakini hawakusema kwamba asiyechagua ameridhika.

Na mzigo uliobebwa na mikweche ile haukuwa wa burudani. Sheria ya mwaka 1975 ilipiga marufuku kilimo ndani ya Hifadhi. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1992, na watu wakapata kupanda vishamba vya mahindi na viazi kando ya maboma. Mwaka 2009 ikarudishwa. Maana yake ni kwamba familia ambayo maziwa hayaitoshi lazima inunue mahindi, na mahindi hutoka kwa wakulima wa Karatu na kwingineko nje ya lango. Kila gunia lililofika Kakesio lilikuwa limelipiwa bei ya gunia na nauli ya gunia. Shafti ikikatika njiani, bei ya unga hupanda kijijini. Nimewaona akina mama wakilitazama gari linavyoshuka kilima, si kwa mapenzi, bali kwa kuhesabu magunia kwenye keria.

Katika miaka ya karibuni mambo yamebadilika upesi. Tarehe 29 Januari 2016, huko Solihull nchini Uingereza, kiwanda kilitoa gari la mwisho la ukoo ule ulioanza mwaka 1948, baada ya kutengeneza zaidi ya milioni mbili. Lile jipya lililochukua jina lake linatengenezwa Slovakia. Ni gari zuri mno, lakini likiugua linahitaji kompyuta ya kuliuliza linaumwa wapi. Zile 109 ziliacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 1980, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote ina umri wa takriban miaka 40. Mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa sherehe na msafara mkubwa, wakikusudia kuipiku rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018 ya magari 632, na waandaaji walitangaza kwamba yamefika zaidi ya elfu moja. Yalikuwapo yaliyong'arishwa kama vyombo vya harusi, na yalikuwapo yaliyokuja moja kwa moja kutoka porini na tope lake. Niliona fahari katika jambo hilo. Niliwafikiria pia wale mafundi wazee wa gereji, ambao bila wao gwaride lile lisingekuwa na magari.

Kakesio nako si kule nilikokuacha. Bodaboda hufika, simu hushika ukipanda kilima, na Land Cruiser zimechukua sehemu ya abiria. Tangu mwaka 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi wa Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilaya ya Handeni, katika mpango inaoueleza kuwa wa hiari na ambao wakazi wengi wameupinga. Wengine wamekwenda, wengine wamebaki. Wajukuu wa watu waliohamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959 wanajiuliza swali ambalo babu zao walijiuliza. Sitaki kulijibu kwa niaba yao. Nasema tu kwamba watu waliokaa miaka yote ile mwisho wa barabara mbaya, wakiipenda nchi yao pamoja na ukame wake na simba wake, wanajua kuliko mimi maana ya kukipenda kitu chenye kasoro.

Je, tuupende mkweche au tuuache? Mimi nasema tuupende kwa kile kinachostahili kupendwa. Kinachostahili si kutu, wala vumbi, wala saa mbili kwenye tope. Ni ile hali ya kwamba chombo kinaweza kufunguliwa na mkono wa mtu wa kawaida, kikaeleweka, kikatengenezwa, na ujuzi huo ukarithishwa. Hilo ndilo tunalolipoteza tunapobadilisha magari, majokofu, redio na mashine za kufulia kwa vitu vilivyozibwa, ambavyo vikifa hutupwa. Kijana anayejifunza gereji leo anastahili kupewa vyombo vinavyofunguka pamoja na barabara nzuri ya kuviendeshea. Hakuna sababu ya kumlazimisha achague kimoja.

Mikononi mwangu ninayo bolti moja ya shafti, kichwa chake kimelika kwa spana nyingi. Nilipewa na dereva yule nilipohama, wala hakusema ni ya gari lipi. Mwanangu aliniuliza ina kazi gani sasa. Nikamwambia ziko sita, na nikaanza kumwonyesha zinavyofunguliwa.